Kodi ya mapato ikipunguzwa, ni kaya gani inayofaidi?

Athari ya kodi kwa kaya ni tofauti ya pesa zinazobaki nyumbani kabla na baada ya sheria ya kodi kubadilishwa. Maana yenyewe ni nyepesi. Ugumu uko kwenye hesabu, kwa sababu kaya mbili zenye kipato sawa zinaweza kuguswa tofauti kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kwa mwezi, 20,000 za mwanzo hazitozwi kodi, 40,000 zinazofuata hutozwa asilimia 10, na zinazozidi hapo asilimia 30. Kaya ya kwanza ina mtu mmoja anayeingiza 100,000, atakatwa 16,000. (Hizo asilimia 30 ni za 40,000 za juu tu, si za mshahara mzima. Wengi hapa huchanganya, wakaogopa hata kupandishwa mshahara.) Kaya ya pili ina mume na mke, kila mmoja anapata 50,000. Kila mmoja anakatwa 3,000, jumla 6,000. Kiwango kisichotozwa kodi kimewafaa mara mbili, na hakuna aliyefika daraja la juu, lile la asilimia 30.

Sasa serikali ikipandisha kiwango kisichotozwa kodi hadi 25,000, na daraja la asilimia 30 likaendelea kuanzia 60,000, kaya ya kwanza inaokoa 500 na ya pili 1,000. Ikiamua badala yake kushusha asilimia 30 iwe 25, ya kwanza inaokoa 2,000, ya pili haipati hata senti. Na mama anayelea watoto peke yake kwa 18,000? Hapati chochote kwa vyovyote vile, maana hakuwa akilipa kodi hii. Kwa hiyo ukisikia wananchi wamepunguziwa kodi, uliza wananchi wepi.

Nchi nyingine hupunguza pengo hilo la kaya zenye kipato sawa kwa kuitazama familia nzima. Ufaransa, tangu 1945, hugawanya mapato ya kaya kwa mafungu, kodi ikapigwa kwa kila fungu: siku hizi mtu mzima fungu moja, watoto wawili wa kwanza nusu nusu, wa tatu na kuendelea fungu zima. Uingereza imeshika njia nyingine: tangu 1990 mume na mke hutozwa kila mtu kivyake.

Nafuu za kodi nazo zinatofautiana. Ukiruhusiwa kuondoa 10,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi, aliye daraja la asilimia 30 anaokoa 3,000, wa asilimia 10 anaokoa 1,000, na yule mama hapati kitu. Kwa maoni yangu hiyo ni njia mbovu ya kusaidia maskini. Marekani ilianzisha mwaka 1975 nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini ambayo, ikizidi kodi wanayodaiwa, salio hulipwa kwao taslimu.

Kuna pia ongezeko la kodi lisilotangazwa. Bei zikipanda, mishahara na pensheni nazo zikapandishwa kuzifuata, lakini madaraja ya kodi yakaachwa palepale, watu husukumwa juu bila kuwa matajiri zaidi. Uingereza kiwango kisichotozwa kodi kimebaki pauni 12,570 kwa mwaka tangu 2021. Mstaafu aliyekuwa chini kidogo ya hapo, pensheni yake ikiongezwa ili amudu bei mpya, anajikuta analipa kodi ya mapato, wakati asilimia za kodi hazijaguswa.