DNA ya mitokondria na ukoo wa nyoka: dhana ninazokutana nazo kila muhula

Kila muhula hunijia mwanafunzi na mti wa nasaba uliochorwa vizuri, akaniambia, "Mwalimu, DNA imeshasema." Namuuliza amesoma jeni ngapi. Moja tu, saitokromu b, iliyo katika mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati na vyenye DNA yao wenyewe. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja, kwa hiyo naandika.

Dhana: Mti wa mitokondria ndio ukoo wa nyoka.

Ukweli: Huo ni ukoo wa mama, na wa mama wa mama, basi. Dume haachi chake humo. Swila dume akijamiiana na jike wa spishi nyingine, watoto hubeba mitokondria ya mama yao. Binti zao na wajukuu wa kike wakiendelea kuzaa na madume wa upande wa baba, baada ya vizazi kadhaa utamkuta nyoka ambaye magamba, rangi na karibu jeni zote za kiini cha seli, zile zinazotoka kwa wazazi wote wawili, ni za upande huo, lakini mitokondria yake bado inataja spishi ya bibi.

Hapo wengine hunijibu kwamba watasoma jenomu nzima ya mitokondria, yaani DNA yake yote. Ina jeni 37, sawa, lakini zote zimo katika duara moja na hurithiwa kwa pamoja. Shahidi mmoja ukimuuliza maswali 37, bado ni shahidi mmoja.

Na shahidi huyo huweza kupotosha. Mwaka 2009 Todd Castoe na wenzake walichunguza kwa nini mitokondria huwaweka nyoka pamoja na agama, wale mijusi ambao madume wao, huku kwetu, huota jua juu ya mawe na vichwa vyao vyekundu. Jeni za kiini zinakataa: agama ni ndugu wa vinyonga na iguana. Ilionekana kwamba protini za mitokondria, zile zinazoipa seli nishati, zilibadilika kwa namna inayofanana katika koo zote mbili kwa shinikizo la uteuzi asilia. Mfanano ule haukutokana na udugu. Data ilikuwa nyingi na mti ulionekana imara, na bado haukuwa sahihi.

Kwa hiyo ongeza jeni za kiini, hata mbili tatu. RAG1 na c-mos zinafaa kuanzia. Na tafadhali, kabla hujamtia nyoka kwenye fomalini, kata kipande cha ini ukiweke kwenye ethanoli. Fomalini huharibu DNA, na nimeshapokea chupa nyingi mno za nyoka waliohifadhiwa vizuri kwa macho tu.

Dhana: Rangi inatosha kumtambua nyoka.

Ukweli: Swila mkubwa wa kahawia wa pwani ya Kenya alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa rangi nyingine tu ya Naja nigricollis, spishi nyingine ya swila. Mwaka 2007 Wolfgang Wüster na Donald Broadley wakamtenga kuwa Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, mtaalamu wa nyoka wa Watamu. Mitokondria ilionyesha kwamba yuko karibu zaidi na Naja mossambica. Lakini hawakuishia hapo, walitazama magamba na rangi pia. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa.

Dhana: Nyoka wa baharini ni jamii ya mikunga.

Ukweli: Mkunga ni samaki. Nyoka wa baharini ni wa familia moja na swila na koboko.

Dhana: Mitokondria hubadilika asilimia 2 kila miaka milioni moja, kwa hiyo tarehe ya koo mbili kutengana ni hesabu rahisi.

Ukweli: Kadirio hilo lilitokana na nyani na binadamu. Kasi ya nyoka imepanda na kushuka katika historia yao. Tafuta visukuku vyenye umri unaojulikana, usawazishe navyo saa yako, yaani hiyo kasi unayohesabia miaka.

Dhana: Chembe nyekundu za damu hazina kiini, kwa hiyo damu haifai.

Ukweli: Hiyo ni damu ya mamalia. Chembe nyekundu za nyoka zina kiini, na tone moja linatosha kusoma jeni za kiini na za mitokondria pamoja.