Rekodi zinazojirudia kwenye ripoti: zinatoka wapi na zinaondolewaje

Rekodi inayojirudia ni mstari wa data unaotokea zaidi ya mara moja kwenye ripoti ilhali kitu unachokieleza ni kimoja tu. Mteja mmoja anaonekana mara tatu, oda moja inahesabiwa mara mbili, na jumla iliyo chini ya ukurasa inavimba. Ugumu ni kwamba mirudio inayofanana machoni hutoka kwenye vyanzo vitatu tofauti, na dawa ya kimoja huharibu kingine. Kwa hiyo kabla ya kuondoa chochote, jiulize mstari wa pili umezaliwa wapi.

Chanzo cha kwanza ni hifadhidata yenyewe. Faili lilelile limeingizwa mara mbili, au mtu amebonyeza kitufe cha kuhifadhi, akaona kimya, akabonyeza tena. Mwanasayansi wa kompyuta E. F. Codd alipopendekeza modeli ya hifadhidata za kimahusiano, yaani zinazopanga data katika majedwali, mwaka 1970, aliyachukulia majedwali kama seti, na ndani ya seti kitu hakijirudii. SQL, lugha inayotumika kuziuliza hifadhidata hizo, haikulishika sharti hilo. Jedwali lisilo na ufunguo msingi, yaani thamani ya kipekee inayotambulisha kila mstari, hupokea mistari miwili inayofanana herufi kwa herufi bila kulalamika. Tena ufunguo wenyewe ukiwa ni namba inayojiongeza tu, hausaidii sana, kwa sababu kila nakala inapewa namba yake mpya.

Chanzo cha pili ndicho kinachowasumbua zaidi watengenezaji wa ripoti, nacho ni kuunganisha majedwali. Chukua oda moja yenye thamani ya 500, ndani yake bidhaa tatu. Jedwali la oda lina mstari mmoja, la bidhaa lina mitatu. Ukiyaunganisha kwa namba ya oda unapata mistari mitatu, na kila mmoja umebeba ile 500. Ukiiambia programu ijumlishe thamani ya oda, inakupa 1,500. Sasa ongeza jedwali la malipo, na oda hiyo ililipwa kwa awamu mbili. Kila bidhaa inakutana na kila malipo, mistari inakuwa sita, na jumla inafika 3,000. Hapa hakuna data iliyoharibika. Hifadhidata imejibu sawasawa ilichoulizwa, na ukienda kufuta mistari kwenye majedwali utakuwa unafuta taarifa za kweli.

Wengi hukimbilia DISTINCT, amri ya SQL inayobakiza mstari mmoja kati ya inayofanana. Amri hii hulinganisha safu zote (sehemu za wima za jedwali) ulizozichagua, si ile moja unayoifikiria. Jina la bidhaa likiwa kwenye orodha, mistari yetu mitatu inatofautiana, na DISTINCT haiondoi hata mmoja. Ukiliondoa jina ili mistari ifanane, unaweza kuangukia kosa baya zaidi. Tuseme ripoti inaonyesha jina la mteja, tarehe na kiasi tu, na mteja huyo amelipa 200 mara mbili kwa siku moja. Malipo ni mawili na yote ni halali, lakini moja litapotea bila onyo lolote. Kujumlisha thamani za kipekee peke yake kuna hatari hiyohiyo: oda mbili tofauti zenye 500 kila moja zitahesabiwa kama 500. Mimi DISTINCT huiamini tu pale ambapo namba inayotambulisha kila tukio imo miongoni mwa safu zilizochaguliwa.

Njia nyingine ni kuficha. Programu ya kutengeneza ripoti kama Crystal Reports ina mpangilio wa kuficha thamani iliyo sawa na ya mstari uliotangulia. Unafaa sana kwa usomaji, ukurasa unapumua. Ila kilichofichwa bado kimo ndani ya data, na jumla ya kawaida bado inakihesabu. Msomaji anaona 500 moja, kisha chini yake 1,500, na ana haki ya kuacha kuiamini ripoti nzima. Ukificha, badilisha na hesabu: panga mistari katika makundi kwa namba ya oda, kisha tumia jumla endelevu inayoongezeka pale tu namba ya oda inapobadilika. Ukitaka idadi ya oda, hesabu namba za oda za kipekee badala ya mistari.

Dawa ninayoipendelea ni kujumlisha kabla ya kuunganisha. Kwiri (swali kwa hifadhidata) ndogo ya kwanza inajumlisha bidhaa kwa kila oda, ya pili inajumlisha malipo kwa kila oda, halafu matokeo yote mawili yanaungana na jedwali la oda, mstari mmoja kwa mmoja. Mrudio haupati nafasi ya kuzaliwa. Na kama unachotaka kujua ni iwapo oda ina malipo au haina, tumia EXISTS, inayoangalia tu kama mstari upo, usiunganishe kabisa. Kupata jedwali lililoleta balaa ni rahisi: hesabu mistari, ongeza jedwali moja, hesabu tena. Idadi ikipanda kuliko ulivyotarajia, umelipata.

Chanzo cha tatu ni mtu mmoja aliyeandikwa kwa sura mbili: Mohamed hapa na Muhammad pale, au namba ya simu yenye msimbo wa nchi na nyingine isiyo nao. Kwa kompyuta hao ni watu wawili. Ivan Fellegi na Alan Sunter waliweka msingi wa kihisabati wa kazi hii mwaka 1969, kwa kupima uzito wa kila sehemu inayolingana au kutolingana kati ya rekodi mbili. Kazi hiyo ifanyike kwenye data yenyewe. Ukiifanya kwa fomula ndani ya ripoti moja, ripoti ya pili itatoa jibu tofauti.

Kwa nakala halisi zilizohifadhiwa, zitafute kwa amri za SQL: GROUP BY inayopanga mistari katika makundi kwa sehemu zinazotambulisha kitu, na HAVING inayobakiza makundi yenye zaidi ya mstari mmoja. Zikisha kuthibitishwa, ROW_NUMBER hupanga namba ndani ya kila kundi, unabakiza ya kwanza na kufuta nyingine, baada ya kuhifadhi nakala ya jedwali. Kisha weka sharti la upekee ili zisirudi. Angalia sehemu zilizo tupu: kwa kawaida programu ya hifadhidata ya PostgreSQL huruhusu mistari mingi yenye NULL (alama ya sehemu tupu) kwenye safu yenye sharti hilo, ilhali ile ya SQL Server huruhusu mmoja tu. Kwa hiyo safu ya utambulisho ikatazwe pia kuachwa tupu.