Samaki wako akiugua, anza na maji

Mwezi wa pili, kaskazi imekaza, mama mmoja wa Barani, hapa Malindi, alitujia ofisini na chupa ya asali iliyojaa maji. Ndani mlikuwa na samaki wa dhahabu, kalala ubavu, matamvua yakienda mbiombio. "Daktari, jana nimelisugua tangi lote," akaniambia. "Mawe nimeyaanika juani, sponji nimeisuuza kwa maji ya mfereji mpaka ikatakata, na maji nimetia mapya. Mbona hata wale wazima nao wameanza?"

Hakuwa mzembe. Alifanya ambalo mtu yeyote msafi angelifanya, na ndilo lililokuwa likiwamaliza samaki wake. Kisa cha namna hii hutujia mara nyingi kuliko ugonjwa wowote, ndiyo maana naanza nacho.

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kupitia matamvua yake usiku na mchana. Mtoni hupotea katika wingi wa maji. Katika tangi la lita 50 haina pa kwenda. Anayemwokoa samaki humo ni bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio na juu ya mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huistahimili isipokuwa nyingi mno. Katika tangi jipya huwachukua wiki 4 hadi 6 kukaa sawasawa. Ule utelezi wa rangi ya udongo unaouona kwenye sponji ni makao yao. Ukiusuuza kwa maji yenye klorini na kuyaanika mawe, tangi limerudi kuwa jipya huku samaki wote wangalimo. Sponji huoshwa kwa kuikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa humo humo tangini, basi.

Sisi wa Malindi tuna mtihani zaidi. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake huwa magumu, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu au ubesi wa maji, iko juu. Amonia ile ile huwa kali zaidi pH inapopanda: katika joto la nyuzi 25, sehemu yake iliyo sumu kwenye pH 8 ni karibu mara 9 ya ile ya pH 7. Joto nalo huongeza ukali huo, na hupunguza hewa majini. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba kama 7.5. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi kuliko yetu, kwa hiyo Februari na Machi huwa hana nafasi ya kuvumilia kosa jingine.

Basi ukimwona samaki amekunja mapezi, amejitenga, hali chakula, au anahema juu ya maji, usikimbilie dawa. Badilisha robo hadi theluthi ya maji siku hiyo hiyo, kwa maji yenye joto sawa na yale ya tangini. Ya mfereji yakae ndooni wazi siku nzima ili klorini iondoke, au tia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Maji yaliyotibiwa kwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayaponi kwa kuachwa wazi. Hayo lazima matone. Acha kumlisha siku moja au mbili, kwani chakula kisicholiwa huoza na kuongeza amonia. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikazima, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, kila baada ya dakika chache. Tangi likichemka sana, elekeza feni juu ya maji, au elesha chupa ya maji ya barafu iliyofungwa vizuri, polepole, joto lisishuke kwa ghafla.

Yule wa chupani hatukumwahi. Kwa wale watatu waliobaki nyumbani, tulimshauri mama aombe kipande cha sponji chafu kwa jirani ambaye samaki wake ni wazima, akitie kwenye chujio lake. Alikuwa akibadilisha maji kila siku kwa wiki mbili. Wote watatu wamepona.

Maji yakishakuwa sawa, ndipo utazame mwili. Ugonjwa unaoonekana sana ni wa vidoa vyeupe, kama mtu amemnyunyizia samaki chembe za chumvi, naye hujikwaruza kwenye mawe. Hiyo ni kazi ya kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kila kidoa ni kimelea kimoja kilichojichimbia chini ya ngozi, ambako dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka chini, hujifunika, hujigawa, kisha hupasuka na kutoa vitoto kwa mamia. Hivyo visipompata samaki ndani ya siku mbili hivi, hufa. Ni vitoto hivyo vinavyoogelea ndivyo dawa inavyoviua. Kwa hiyo vidoa vikitoweka siku ya nne ukaacha tiba, hujaponya kitu. Kizazi kipya kiko njiani. Katika joto letu mzunguko wote huchukua wiki moja au pungufu.

Tiba ninayoipenda ni chumvi ya kawaida, ile inayovunwa hapo Gongoni na Marereni. Lenga gramu 3 kwa lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, kwa hiyo ni gramu 162. Igawe mara tatu, uiyeyushe kwanza kwenye jagi, uitie kidogo kidogo kwa siku mbili. Iache siku 10 hadi 14. Maji yakipungua kwa jua, ongeza maji matupu, kwani chumvi haipandi na mvuke. Ongeza chumvi kwa kiasi cha maji uliyoyatoa tu. Mimea ya tangini na baadhi ya kambale wadogo hawaiwezi, hao wahamishe. Haya yote ni kwa samaki wa maji baridi. Wa baharini ni habari nyingine, na wale wa hifadhi yetu ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, si wa kutegwa kabisa.

Mapezi yanayochakaa ukingoni, au nyuzi kama pamba juu ya kidonda, mara nyingi hupungua kwa maji safi na chumvi hiyo hiyo. Aliyevimba tumbo kwa kuvimbiwa mfungishe siku mbili tatu. Lakini magamba yakisimama mwili mzima kama koni ya mvinje, hapo matumaini ni madogo.

Nasisitiza hili: msifungue kapsuli za antibiotiki za duka la dawa mkazimwaga tangini. Huua bakteria wale wa kwenye sponji, na hufundisha vijidudu kuzizoea dawa tunazozihitaji sisi wenyewe na watoto wetu. Pia msivute maji ya tangi kwa mdomo kupitia mpira. Mwenye kidonda mkononi avae glavu, maana bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huweza kuingia na kuacha kidonda kinachokaa miezi. Ukikipata, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, la sivyo hatakidhania.

Yuko ambaye hataponeka. Usimwache agaagae. Chukua mafuta ya karafuu, nusu mililita kwa kila lita, yatikise na maji ya vuguvugu kwenye chupa ndogo mpaka yawe kama maziwa, kisha yamwage polepole ndani ya beseni alimo. Atalala. Matamvua yakisimama, mwache humo nusu saa nyingine kabla ya kumfukia. Asitupwe mto Sabaki wala baharini, hai au maiti, asije akaambukiza walioko huko. Maji ya tangi yamwageni chini ya mnazi. Chumvi kidogo kama hiyo haiusumbui.