Teresa wa Avila na sala: tunayoyadhani na yaliyo kweli

Katika kanisa la Santa Maria della Vittoria mjini Roma, Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa Mhispania wa karne ya 16, amechongwa katika marumaru akiwa ameegama juu ya wingu, macho yamefumba, kichwa kimelala nyuma, na malaika ameshika mshale mbele yake. Bernini aliichonga sanamu hiyo kati ya 1647 na 1652. Teresa alikuwa amefariki zaidi ya miaka 60 iliyotangulia, lakini tangu hapo hiyo ndiyo sura ambayo wengi wanamkumbuka nayo.

Sanamu haisemi uongo, maana Teresa mwenyewe aliandika habari za maono hayo. Ila inaonyesha dakika chache za maisha ya miaka 67, na dakika hizo zimezaa fikra nyingi zisizo sahihi kumhusu yeye na kuhusu sala yenyewe. Zile za kuhusu sala ndizo zinazoniuma zaidi, kwa sababu wapo Wakristo walioacha kabisa kusali wakiamini kwamba sala ni kipaji cha watu wa mawinguni.

Dhana: Mtu wa sala husali bila taabu, na mawazo yake hayatangitangi

Teresa aliingia monasteri ya Encarnación ya Wakarmeli, mjini Avila, tarehe 2 Novemba 1535, akiwa na miaka 20. Alifika sala ya kina akiwa mtu mzima aliyekwisha kukaa utawani muda mrefu, na njiani alipita katika ukavu wa miaka karibu 20. Katika kitabu cha maisha yake anakiri jambo ambalo wengi wetu tungeona haya kulitamka mbele ya padre: kwa miaka kadhaa, mara nyingi alitamani saa ya sala iishe, na masikio yake yaliisikilizia saa igonge kuliko moyo wake ulivyomsikiliza Mungu. Anasema alipokuwa akiingia kwenye chumba cha sala huzuni ilimshika, na kwamba hakuna kitubio kizito ambacho asingekipokea kwa furaha kuliko kukaa pale na kuikusanya akili yake.

Hakuwa na uwezo mkubwa wa kuyawazia matukio ya Injili kama vitabu vya wakati ule vilivyofundisha. Wengine walifumba macho wakamwona Yesu bustanini Gethsemane. Teresa alifumba macho akaona giza. Kwa hiyo alitafuta misaada. Kwa miaka 18, isipokuwa baada ya Komunyo, hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu mkononi, na mara nyingi kukifungua tu kulitosha kumtuliza. Alipenda pia kutazama mashamba, maji na maua. Picha za Kristo zilimsaidia kuliko hoja, na ilikuwa mbele ya sanamu ya Kristo mwenye majeraha, mwaka 1554, ndipo alipoanguka chini akilia na maisha yake yakageuka. Alikuwa na miaka 39.

Hata baadaye, akiwa mwalimu wa wengine, kichwa chake hakikutulia. Alipoandika Ngome ya Ndani mwaka 1577 alisema anasikia kelele kichwani kama mito inayoporomoka na ndege wanaopiga miluzi. Ushauri aliowapa masista wake ulitoka humo: mawazo yanayozunguka ni kama kinu kinachopiga makelele, tukiache kinu kiendelee, nasi tuendelee kusaga unga wetu. Anayepigana na kila wazo linalopita atamaliza saa nzima akipigana.

Kilichomshikilia ni namna alivyoielewa sala. Kwake sala ya moyoni ni maongezi ya kirafiki, kukaa mara kwa mara peke yako na Yule unayejua kwamba anakupenda. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imeyachukua maneno hayo katika namba 2709. Hapo hadai hisia wala utulivu wa akili. Anadai uende, ukae, na kesho uende tena.

Dhana: Mwenye dhambi ajirekebishe kwanza, ndipo asali

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi katika jumuiya zetu. Mtu hajafunga ndoa kanisani, au ana ugomvi na ndugu yake, au amerudia ulevi aliokuwa ameuacha, naye anasema, “Kwa hali hii nitaanzaje kusali? Nitakuwa namdanganya Mungu.” Maneno hayo yanasikika kama unyenyekevu. Teresa aliyaamini kabisa, na yalimgharimu.

Baada ya ugonjwa mkali uliompata mwaka 1539, ambapo alilala bila fahamu siku karibu nne na kaburi lake likawa tayari limechimbwa, alibaki amepooza kwa muda mrefu. Alipopona, sebule ya monasteri ikawa na wageni wengi waliopenda mazungumzo yake, na yeye aliyapenda mazungumzo yao. Hakutenda makosa ya kuushtua mji, lakini alijua moyo wake umegawanyika. Akaona ni aibu kukaa na Mungu kwa urafiki ilhali yuko hivyo. Akaacha sala ya moyoni kwa zaidi ya mwaka mzima, akabaki na sala za pamoja ambazo utawa ulimlazimu.

Wakati huohuo aliendelea kuwafundisha wengine kusali. Baba yake, Don Alonso, alijifunza kwake, naye akasonga mbele sana. Alipokuja kumtembelea na kutaka kuongea habari za sala, Teresa akamwambia kwamba ameacha, akisingizia afya yake. Mzee alimwamini na kumhurumia. Alifariki mwishoni mwa 1543, na padre Mdominiko aliyekuwa muungamishi wa mzee huyo ndiye aliyemrudisha Teresa kwenye sala na Komunyo. Tangu hapo hakuacha tena.

Alipokumbuka kipindi hicho alikiita hila mbaya kuliko zote alizowahi kufanyiwa na shetani, kwa kuwa ilivaa joho la unyenyekevu. Anawasihi wasomaji wake kwamba yeyote aliyeanza kusali asiache, hata akitenda maovu kiasi gani, maana sala ndiyo njia ya kurekebishwa, na bila hiyo kazi itakuwa ngumu zaidi. Hakusema kwamba dhambi ni jambo dogo. Alijua tu kwamba mgonjwa haambiwi apone kwanza ndipo aende kwa tabibu. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwa mtakatifu huyu, mimi ningechukua hiki.

Dhana: Rozari na Baba Yetu ni za wanaoanza, waliokomaa husali kimya

Enzi za Teresa neno hili lilisemwa kwa namna nyingine. Mwaka 1559 vitabu vingi vya sala vilivyoandikwa kwa Kihispania vilipigwa marufuku, na walikuwepo waliosema sala ya moyoni si ya wanawake. Wao wasokote uzi, Baba Yetu na Salamu Maria zinawatosha. Katika Njia ya Ukamilifu Teresa anawajibu kwa utulivu: ni kweli, zinatosha. Kisha anatumia sehemu kubwa ya kitabu kuonyesha kwamba anayesali Baba Yetu huku akijua anaongea na nani tayari anasali kwa moyo. Midomo ikitembea na moyo uko sokoni, hiyo kwake haijawa sala.

Anasimulia habari za mtu mmoja, mtawa aliyezeeka, aliyemjia akihuzunika kwamba hajui sala ya moyoni wala taamuli, yaani kumtazama Mungu kimya kwa upendo, anajua kusali kwa sauti tu. Teresa akamuuliza anasalije. Akagundua kwamba mama huyo, akiishikilia Baba Yetu yake, alikuwa ameinuliwa hadi kwenye taamuli safi bila kujua. Teresa anasema aliionea wivu sala yake ya sauti. Mama zetu wanaomaliza rozari gizani kabla ya kwenda shambani wangejitambua katika ukurasa huo.

Dhana: Maono na kuzimia ndiyo kipimo cha utakatifu

Hapa ndipo sanamu ya Roma imetupoteza zaidi. Teresa aliona maono, ndiyo. Lakini yalipomshika mbele ya watu aliona aibu kubwa, na aliwatafuta wataalamu wa teolojia wamhoji na kumpima, kwa sababu alijua mtu anaweza kujidanganya. Katika makao ya sita, yaani sehemu ya sita, ya Ngome ya Ndani anawakataza masista kuomba au kutamani mambo ya namna hiyo. Anasema waziwazi kwamba wapo watakatifu wengi ambao hawajawahi kuona maono hata mara moja, na wapo walioyaona ambao si watakatifu.

Alikuwa na jicho kali katika mambo haya. Anataja sista aliyekuwa akikaa kwa muda wa hata saa nane nzima katika hali ambayo wengine waliiona kuwa kunyakuliwa na Mungu. Akaamriwa ale vizuri, alale, apunguze mafungo na vitubio. Hali ikaisha. Mwili uliodhoofika, anasema, unaweza kulewa na utamu mdogo wa sala ukadhani umefika mbinguni. Sista aliyepatwa na hali hiyo asiachwe kukaa peke yake muda mrefu, apewe kazi za nyumba. Leo, katika mikutano ya sala ambako anayeanguka au kutetemeka huhesabiwa kuwa ameguswa kuliko aliyeketi kimya, ushauri huo ungetufaa. Teresa angeuliza kwanza kama amekula, na baadaye angeuliza anaishije na jirani yake.

Dhana: Alikuwa mtawa aliyependwa na wote tangu mwanzo

Babu yake, Juan Sánchez wa Toledo, alikuwa Myahudi aliyeongoka, na mwaka 1485 alihukumiwa na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwahukumu wazushi. Kwa Hispania ya karne ya 16 hilo lilikuwa doa la ukoo mzima. Teresa alipoanzisha monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 24 Agosti 1562, wakuu wa mji wa Avila walitaka ifungwe. Kitabu cha maisha yake kilishtakiwa kikachunguzwa. Felipe Sega, balozi wa Papa, alimwita mwanamke asiyetulia, mzururaji, mkaidi. Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa tarehe 27 Septemba 1970, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Dhana: Kila neno lenye jina la Teresa ni lake

Kuna watatu wanaochanganywa sana. Teresa wa Avila (1515–1582) ndiye huyu, sikukuu yake 15 Oktoba. Teresa wa Mtoto Yesu wa Lisieux, Ufaransa (1873–1897), ni msimamizi wa misioni, naye alikuwa Mkarmeli wa urekebisho wa shirika hilo ulioanzishwa na yule wa kwanza. Mama Teresa wa Kolkata (1910–1997) hakuwa Mkarmeli, na jina lake la kitawa alilichukua kwa yule wa Lisieux.

Yapo pia maneno yanayosambazwa sana, kwamba Kristo sasa hana mwili duniani ila wako, hana mikono ila yako. Ni maneno mazuri, lakini hayamo katika vitabu vya Teresa wala katika barua zake. Hata kile kisa cha gari lake kukwama matopeni, akamwambia Mungu si ajabu ana marafiki wachache, hakimo katika maandiko yake.

Dhana: Anayejitoa kwa sala anaikimbia kazi

Kati ya 1562 na 1582 Teresa alianzisha monasteri 17 za masista, nyingi kati ya hizo kwa kusafiri mwenyewe katika magari ya kukokotwa na nyumbu, juani na mvuani, mwili ukiwa na maradhi. Alinunua nyumba, akakopa, akalipa, akabishana na mawakili. Barua zake zilizobaki ni zaidi ya 400, na ndani yake mambo ya Mungu yanakaa pamoja na madeni, homa za masista na kuta zinazovuja. Aliwaambia masista kwamba utii ukiwapeleka jikoni wajue kwamba Bwana anatembea hata kati ya vyungu. Na kama mgonjwa anahitaji msaada, waiache ibada yao bila kuogopa kwamba wameipoteza.

Katika makao ya saba, mwisho wa safari yote ya Ngome ya Ndani, msomaji hutegemea kukuta utamu usiosemeka. Anakuta mwandishi akisema kwamba sala ipo kwa ajili ya kuzaa matendo, matendo daima, na kwamba Marta na Maria wanapaswa kumkaribisha Bwana pamoja. Sura hizo alizimaliza Avila tarehe 29 Novemba 1577. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Desemba, mwenzake katika urekebisho wa Karmeli, Yohane wa Msalaba, alitekwa usiku na Wakarmeli waliopinga urekebisho. Tarehe 4 Desemba Teresa, mwenye miaka 62, alimwandikia Mfalme Felipe II akidai aachiliwe, akamwambia kwamba angeona afadhali Yohane angekuwa mikononi mwa Wamori, yaani Waislamu wa Afrika Kaskazini, maana huenda wao wangemhurumia zaidi. Barua haikumfungua. Yohane alitoroka mwenyewe katika kifungo chake cha Toledo, Agosti 1578, na Teresa akaendelea kuanzisha monasteri.