Kiharusi kwa Mgonjwa wa Mafua Makali: Maswali na Majibu

Kiharusi ni nini?

Ni hali inayotokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu mshipa umepasuka. Aina ya kwanza ndiyo inayowapata wengi.

Virusi vya njia ya hewa vinahusianaje na ubongo?

Mwili unapopambana na virusi vya homa ya mafua au vya UVIKO-19, kinga huamsha pia mfumo wa kugandisha damu, na kuta za ndani za mishipa huvimba. Mgonjwa anayetokwa jasho bila kunywa maji ya kutosha huzidi kukaukiwa, oksijeni hupungua ikiwa mapafu yameathirika, na moyo wake huweza kuanza kupiga bila mpangilio. Hatari huwa kubwa zaidi siku chache za mwanzo, hasa kwa wazee na kwa wenye shinikizo la juu la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo.

Mgonjwa wetu ana homa, mkono mmoja umelegea na maneno yake hayaeleweki. Si uchovu wa homa tu?

Hapana. Uchovu wa mafua hauchagui upande. Hulegeza mwili mzima. Homa ya mafua haipindishi mdomo, wala haiushushi mkono mmoja na kuuacha mwingine juu. Mwambieni atabasamu, ainue mikono yote miwili mbele yake huku amefumba macho, kisha aseme sentensi nzima. Upande mmoja wa uso ukibaki nyuma, mkono mmoja ukishuka, au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo.

Tumwache alale, tuone hali itakavyokuwa asubuhi?

Hapana, na jibu hili tunalirudia kila mara kwa familia zinazofika zimeshachelewa. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, wala si tangu mlipogundua tatizo. Mgonjwa aliyefungiwa chumbani tangu jioni ili apumzike, asisemeshwe na mtu hadi kunapambazuka, huenda akafika hospitali saa hizo zimeshapita, bila yeyote kujua kiharusi kilianza lini. Kuchungulia mlangoni hakutoshi. Msemesheni, naye ajibu.

Na dalili zikitoweka zenyewe?

Nendeni hospitali vilevile, na muende wakati huohuo. Kiharusi kamili huweza kufuata ndani ya saa au siku chache.

Tumpe nini tukisubiri usafiri?

Msimpe chochote kinywani. Koo lililopooza hupeleka maji na chakula mapafuni, na mapafu hayo tayari ni mgonjwa. Aspirini nayo isubiri picha ya ubongo, kwa kuwa mshipa ukiwa umepasuka inaweza kuzidisha damu inayovuja. Kumkanda mkono uliolegea hakuzibui mshipa wa kichwani. Kunapoteza muda tu.

Matokeo yake huwaje?

Mara nyingi huwa mabaya zaidi. Wagonjwa wa UVIKO-19 waliopata kiharusi walionekana kufariki na kubaki na ulemavu kwa wingi kuliko waliopata kiharusi bila maambukizi hayo, kwa kuwa mishipa mikubwa iliziba mara nyingi zaidi, mapafu yalishindwa kazi, na homa yenyewe huongeza madhara kwenye ubongo uliojeruhiwa. Hata hivyo, sehemu ya madhara haya hutokana na kuchelewa. Mwaka 2020 wagonjwa wa kiharusi waliofika hospitalini walipungua katika nchi nyingi, kwa sehemu kwa sababu watu waliogopa kuambukizwa. Kuwa na virusi hakumzuii mgonjwa kupata tiba ya kiharusi; atavalishwa barakoa na kutengwa huku tiba ikiendelea.

Kabla ya kufika huko, tufanye nini?

Chanjo ya homa ya mafua, maji ya kutosha, na dawa za presha bila kukatiza. Inasikitisha kuona mtu ameacha vidonge vya presha kwa wiki nzima eti asichanganye dawa, huku akimeza dawa ya kuzibua pua yenye pseudoefedrini, ambayo yenyewe hupandisha presha. Mwulize mfamasia kabla ya kuinunua.