Mgonjwa wa kipindupindu mnamnyima maji kwa nini?

Jamani hili nimelisikia tena usiku wa jana na nimeshindwa kunyamaza. Kaka mmoja kamleta mama yake amelegea, macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, tangu asubuhi anaharisha ule uharo kama maji ya kuoshea mchele, namuuliza amekunywa nini ananijibu "tumemzuia dokta, kila akinywa anaharisha zaidi". Na pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, anazo mfukoni, hata hajazifungua!

Sasa tuelewane. Anachoharisha sio yale maji mnayompa, ni sumu ya bakteria inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi ya mwili, umpe usimpe yatatoka tu. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa, halafu mtu huyo mnamfungia maji kutwa nzima? Kinachoua ni kuishiwa maji, na kinaua ndani ya masaa. Ni kweli ORS haikati kuharisha na hapo ndipo wengi wanaiacha, lakini kazi yake sio kukata, kazi yake ni kurudisha kilichotoka. Na sukari iliyomo sio ya utamu, ile sumu haizibi njia ya utumbo inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, hivyo viwili vikipita maji yanafuata, ndio maana maji matupu peke yake hayatoshi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dkt. Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, dripu zinaelekea kuisha na wagonjwa wamelala mpaka chini. Akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, ndugu wakawa wanachota na kuwanywesha watu wao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Ndugu hao, sio manesi!

Kwa hiyo fungua pakiti, soma ni ya lita 1 au nusu lita, changanya na maji safi, ikipita masaa 24 mwaga utengeneze nyingine. Huna pakiti? Maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai, na chumvi usizidishe hasa kwa mtoto. Akitapika subiri dakika 10 uanze tena taratibu, kijiko kimoja kimoja. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mnampeleka hospitali huku anakunywa njia nzima, isipokuwa amepoteza fahamu, huyo usimpe kitu mdomoni, kimbizeni akawekewe dripu.

Kingine kinachomnyima mgonjwa maji ni woga. Watu wanasimama mlangoni wamevaa barakoa, hakuna wa kumshikia kikombe. Kipindupindu hakirukii mtu kwa hewa, kinaingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula na mikono yenye kinyesi au matapishi. Kaa naye, mnyweshe, ukimaliza nawa kwa sabuni. Kinachoniuma ni kwamba hao hao wanaoziba pua wakipita nyumba ya mgonjwa, jioni wanachota maji ya kisima wanakunywa hivyo hivyo, ukiuliza unaambiwa "mbona meupe". Bakteria haonekani kwa macho. Chemsha mpaka yatokote dakika 1 au weka dawa ya maji, kisha yatunze kwenye chombo chenye mfuniko, sio mmeshachemsha halafu kila mtu anazamisha kikombe na mkono wake.

Antibayotiki za kumeza "kujikinga" acheni, hazina faida hiyo na mnazalisha usugu tu, yaani bakteria wanaoizoea dawa isiwaue tena.

Halafu kuna "mimi mzima, siharishi, kwangu hakijafika". Wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote na bado wanatoa bakteria kwenye choo kuanzia siku 1 hadi 10. Kwa mji ambao familia nyingi zinatumia choo kimoja hesabu mwenyewe, na ndio maana nikiona wagonjwa wamepungua wiki moja tu na ndoo ya kunawia imeshaondolewa pale mlangoni kwa choo, mimi silali. Irudisheni, na sabuni yake.