Mtaro Usikufukie: Maswali na Majibu Kuhusu Usalama wa Wachimbaji

Anayechimba mtaro wa bomba, njia ya nyaya au msingi wa jengo hufanya kazi katikati ya kuta mbili ambazo hakuna fundi aliyezijenga. Zikimeguka, hazimpi nafasi ya kukimbia. Majibu haya ni kwa vibarua, mafundi na wasimamizi wanaoingia mitaroni au wanaowaingiza wenzao.

Je, kweli udongo kidogo tu unaweza kumuua mtu?

Ndiyo, na huo unaoitwa "kidogo" una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa tani moja na nusu hivi, na ukilowa hukaribia tani mbili. Chukua mtaro wenye kina cha mita 1.5. Ukuta wake ukimeguka kipande chenye urefu wa mita 2 na unene wa nusu mita, zimeanguka zaidi ya tani mbili kwa kufumba na kufumbua.

Wala si lazima kichwa kifukiwe. Kifua kinahitaji nafasi ya kutanuka ili mapafu yavute hewa. Aliyefukiwa hadi mabegani anapotoa pumzi, kifua husinyaa kidogo na udongo hujaza nafasi hiyo. Akitaka kuvuta tena, kifua hakinyanyuki. Kila pumzi inakuwa fupi kuliko iliyotangulia, huku uso uko nje na wenzake wanamwona. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi, na hakuna kundi la watu wenye makoleo linaloweza kuondoa tani mbili za udongo kwa usalama ndani ya muda huo. Ndiyo maana kinga hufungwa kabla mtu hajashuka.

Mtaro wetu unafika kifuani tu. Una haja gani ya kuzuiwa?

Kanuni za OSHA, idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini, zinataka kinga kwenye mtaro wowote wenye kina cha mita 1.5 au zaidi, isipokuwa uliochimbwa wote kwenye mwamba imara. Ukizidi mita 6, kinga yake isanifiwe na mhandisi aliyesajiliwa. Tatizo ni kwamba wengi huisoma hiyo mita 1.5 kana kwamba chini yake ni salama. Sivyo. Kanuni hizo hizo zinataka mtaro wenye kina kidogo zaidi nao uzuiwe pale mkaguzi anapoona dalili ya kuporomoka.

Fikiria kazi yenyewe inavyofanyika. Hakuna anayeunga bomba akiwa amesimama wima. Anapiga magoti, anainama, kichwa kinashuka usawa wa kiuno. Kwa mtu huyo, ukuta wa mita 1.2 uko juu ya kichwa chake.

Udongo wetu ni mgumu, umesimama wima siku kadhaa bila kudondoka. Si umeshathibitika?

Kusimama jana si ushahidi wa kusimama leo. Kabla ya kuchimbwa, udongo ulikuwa umebanwa pande zote. Ukishatoa udongo wa kando, kilichobaki kinashikiliwa na mshikamano wa chembe zake pamoja na unyevu uliomo. Jua likiukausha, unapasuka. Mvua ikiulowesha, unakuwa mzito na kuteleza. Lori likipita karibu, mtikisiko unaulegeza. Muda haumsaidii mchimbaji. Kila siku mtaro unaoachwa wazi unazidi kudhoofika.

Tafuta ufa unaokwenda sambamba na ukingo, hata mwembamba kiasi cha kuingiza ukucha. Huo ndio mstari ambao kipande kitakatikia. Angalia pia ukuta uliofura katikati, vidonge vinavyodondoka vyenyewe, maji yanayochuruzika kutoka ukutani, na sakafu ya mtaro inayopanda. Ukiona kimojawapo, watu watoke kwanza, maswali yafuate.

Kipimo rahisi cha uwandani ni cha kidole gumba. Chukua bonge la udongo uliotoka kuchimbwa muda huo huo, kabla halijakauka, ulibonyeze. Gumba likiacha alama kwa shida, ni mfinyanzi mgumu. Likizama kwa urahisi, udongo ni dhaifu. Kichanga na kokoto havishikani kabisa, kwa hiyo vipewe daraja la chini moja kwa moja. Udongo uliowahi kuchimbwa na kurudishiwa, kwa mfano kando ya bomba la zamani, usiuhesabu kamwe kuwa imara, hata kama juu umeshindiliwa na kuota nyasi. Na tabaka dhaifu likiwa chini ya tabaka gumu, pima mtaro wote kwa lile dhaifu, kwa sababu likitoka hilo, lile gumu linabaki likining'inia.

Kuta zilazwe kiasi gani?

Kwa kila mita moja ya kina, mfinyanzi mgumu usio na nyufa hulazwa nje sentimita 75 kila upande, udongo wa kati mita 1, kichanga na udongo uliolowa mita 1.5. Piga hesabu. Mtaro wa kichanga wenye kina cha mita 2 na sakafu ya sentimita 60 utakuwa na mdomo wa mita 6.6. Kando ya barabara au ukuta wa jirani, nafasi hiyo haipo. Hapo usipunguze mteremko "kidogo tu". Badilisha njia, tumia vihimili.

Vihimili hufungwaje?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuzikandamiza kuta: mbao nene au mabamba husimamishwa kila upande, kisha mihimili ya kukingama au jeki hukazwa katikati yake. Ya pili ni sanduku la chuma, yaani kuta mbili za chuma zilizounganishwa kwa mihimili, linaloshushwa na mashine. Sanduku halizuii ukuta usianguke. Linamlinda aliye ndani yake tu, na hatua moja nje yake hamna kinga. Likiwa linashushwa, linanyanyuliwa au linahamishwa, asiwepo mtu ndani.

Wengi hukosea kwenye mpangilio wa kazi. Vihimili hufungwa kutoka juu kwenda chini, ili kila hatua fundi awe amekingwa na kile alichokwisha kukifunga. Wakati wa kuondoa ni kinyume: anza chini ukipanda, huku mtaro ukifukiwa. Anayeshuka hadi sakafuni kufunga cha chini kwanza amejiweka katika hatari ile ile aliyotumwa kuizuia. Mbao zilizooza, zenye nyufa au zilizoungwa kwa misumari zisitumike, na saizi ya mbao na umbali kati yake vifuate jedwali la mtengenezaji au la mhandisi, visikadiriwe kwa macho.

Udongo uliochimbwa, pamoja na mashine, vikae wapi?

Angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mita nzima ni bora. Pima kutoka mguuni mwa kifusi, si kileleni. Kifusi kilichopakana na ukingo kinaukandamiza ukuta kwa juu, na mawe yake huviringika kuwaangukia walio chini. Mashine na malori yakae mbali zaidi, yakizuiwa kwa gogo au tuta. Chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua yasiingie mtaroni.

Ngazi je?

Mtaro wa mita 1.2 au zaidi uwe nayo, na mfanyakazi asitembee zaidi ya mita 7.5 kuifikia. Ifungwe, na ichomoze sentimita 90 juu ya ukingo ili atokaye apate pa kushika. Iwe ndani ya eneo lenye kinga. Ngazi iliyo nje ya sanduku inamlazimisha mtu kupita chini ya ukuta wazi.

Mtaro hauna kifuniko. Hewa inawezaje kuwa mbaya?

Kuna gesi nzito kuliko hewa, nazo hutuama chini. Karibu na maji taka au dampo kunaweza kuwa na haidrojeni salfaidi, inayonuka kama mayai viza. Usiutegemee mnuko huo: gesi ikizidi, pua hufa ganzi, na aliyekuwa akilalamikia harufu hudhani imeisha wakati hatari imepanda. Monoksidi ya kaboni haina harufu kabisa, na mara nyingi tunaileta wenyewe kwa kuweka pampu au jenereta ya petroli mtaroni au ukingoni. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikimpata zaidi ya mmoja, tokeni nyote na mzime injini.

Palipo na shaka, hewa ipimwe kwa kifaa juu, katikati na sakafuni kabla ya kuingia. Oksijeni isipungue asilimia 19.5. Usipime kwa kiberiti wala mshumaa, kwani methani hulipuka. Barakoa ya vumbi haizuii gesi yoyote kati ya hizi.

Nani akague, na mara ngapi?

Mtu mmoja anayejua udongo na mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa. Akague kila asubuhi kabla hajaingia mtu, tena baada ya mvua, na baada ya mtikisiko wowote. Kabla ya siku ya kwanza awe ameshauliza wenye nyaya na mabomba yaliyofukiwa eneo hilo. Mkikuta mchanga safi au utepe wa tahadhari katikati ya udongo wa kawaida, wekeni sururu kando. Huenda kuna waya au bomba chini yake.

Mwenzetu amefukiwa. Tufanye nini?

Msirukie ndani. Ni vigumu kuliko vyote, na tunajua tunachowaomba. Ukuta uliomeguka huacha sehemu ya juu ikining'inia, na ule wa pili nao unaweza kumeguka. Wanaokimbilia kuokoa mara nyingi hufukiwa na poromoko la pili, juu ya yule yule waliyetaka kumwokoa.

Piga simu kwa zimamoto na gari la wagonjwa, useme wazi kuwa mtu amefukiwa na udongo. Toa wengine wote mtaroni, uwahesabu. Simamisha mashine na magari ya karibu, ila pampu ya maji iliyo juu iendelee kama mtaro unajaa. Warudishe watazamaji nyuma, mbali na ukingo. Weka alama mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kama anasikia, zungumza naye.

Ekskaveta isimfukue; meno yake hayaoni. Msimvute kwa kamba wala mikono, kwani mwili ulioshikwa na udongo huchanika kabla ya kuachiliwa. Kuta zikishazuiwa, uso na kifua vifunguliwe kwanza.

Kuna hatari nyingine wachache wanaifahamu. Misuli iliyobanwa kwa muda mrefu, hasa zaidi ya saa moja, hufa na kujaa potasiamu na sumu nyingine. Uzito ukiondolewa ghafla, vyote huingia kwenye damu: moyo unaweza kusimama, na figo kuziba. Kwa hiyo mhudumu wa afya aanze dripu kabla mguu au paja halijaachiliwa. Hata aliyetoka akitembea na kusema hajambo apelekwe hospitali, na mkojo wake ukiwa mweusi, daktari aambiwe mara moja.

Msimamizi anasema, "Ingia dakika moja tu, uunge hilo bomba." Nikikataa?

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa ya papo hapo, kwa sababu za msingi, asiadhibiwe. Uliza sheria ya nchi yako inavyolieleza hilo. Usikatae kwa ubishi, onyesha ufa, taja kina, sema unachohitaji: "Kina ni mita 1.8, hakuna kihimili, nitashuka sanduku likishawekwa." Sema hivyo mbele ya wenzako, na ubaki juu hadi liwekwe.